Sentensi Tatu kwa Filamu ya Viazi

Nimestaafu, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mtu aliyezoea kusikilizwa kwenye spika mbili kubwa, akifika nyumbani hasikilizwi na mtu. Mke wangu ana sauti ndogo kuliko yangu, na ndiye anayesikika. Kwa hiyo naandika. Zaina, anayekaa sasa kwenye kiti changu ukumbini Biryogo, Kigali, aliniomba niwaandikie yeye na wenzake wawili mambo ya kazi. Nikamwambia nitaandika kurasa mbili. Akataka kumi. Tukakubaliana ziishie zitakapoishia, na mfanyabiashara yeyote atakwambia kwamba katika makubaliano ya namna hiyo anayeumia ni mwandishi.

Kazi yangu ilikuwa kufasiri filamu. Si kwa kalamu. Kwa mdomo, papo hapo, picha ikienda. Kinyarwanda wanaiita filamu ya namna hiyo agasobanuye, yaani kile kilichoelezwa. Watu wanakaa kwenye mabenchi, filamu inasema Kihindi au Kichina, na mimi kando ya spika nawaambia nani amemkosea nani, kwa Kiswahili nilichokulia nacho Buyenzi, Bujumbura, nikichomeka Kinyarwanda pale ninapoona nyuso zimepotea njia. Vyeo sitavitaja kwa sababu kilikuwepo kimoja tu. Mshahara nao niuache. Aliyelipa anajua na aliyelipwa anakumbuka.

Nilipofika Kigali nilianza kwa kuuza mashati ya mitumba kwenye kichochoro kimoja kati ya Biryogo na Nyakabanda. Siku moja nilikuwa namweleza mteja kwamba shati lenye tundu kwapani limeshonwa makusudi kwa ajili ya nchi za joto. Mteja akacheka, akalichukua. Nyuma yake alisimama mzee mmoja mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, akinisikiliza kwa makini kama polisi. Huyo ndiye Mzee Rajabu, mfasiri wa kwanza wa filamu katika mtaa ule. Aliniambia mtu anayeweza kulitafutia tundu sababu ya kuwepo anaweza kazi yake, na kwamba kifua chake kimeanza kuchoka. Nikamuuliza kazi yenyewe ni ya kukaa au ya kusimama. Akasema ya kukaa. Nikafunga biashara ya mashati jioni hiyohiyo.

Ukumbi ulikuwa wa mume wa Mama Shamimu, bwana mmoja mpole aliyependa filamu kuliko chakula. Kuta za matofali, paa la mabati, mabenchi ambayo niliyahesabu mara mbili siku ya kwanza kwa sababu sikuamini kwamba watu wangejaa yote. Walijaa. Mzee Rajabu alinipa maikrofoni iliyovishwa soksi ya mtoto ili isivume, glasi ya maji ya tangawizi, na filamu ya Kihindi ambayo mimi wala yeye hatukuwa tumeiona. Kihindi sijui hata salamu. Akanifundisha njia yake. Usitazame mdomo, mdomo unadanganya. Tazama macho ya mtu anayesikiliza. Yeye ndiye atakayekwambia kilichosemwa.

Nilitazama macho. Kijana na binti walikumbatiana kituo cha treni wakilia, nami nikatangaza kwamba ni wachumba waliotenganishwa na umaskini. Ukumbi ukahuzunika vizuri. Nusu saa baadaye mama yao akatoka na picha ya ukutani inayomwonyesha na watoto wawili mapajani, na hata kipofu angeona kwamba wale ni ndugu. Mafundi cherehani waliokuwa mbele wakageuka wote kunitazama. Mzee Rajabu hakunisaidia. Alikuwa anajipepea kwa kofia. Nikavuta pumzi nikasema kijana huyu, jamani, aliokotwa mtoni akiwa mchanga, na mama hajawahi kumwambia mtu. Kisha nikalazimika kumbeba yule mtoto wa mtoni mpaka mwisho wa filamu, na filamu za Kihindi ni ndefu. Watu walitoka wakifuta machozi. Mzee Rajabu akaniambia umefaulu, lakini kesho punguza mito.

Nawashukuru hao mafundi cherehani hadi leo. Wangeweza kunizomea siku ya kwanza nikarudi kwenye mashati. Walingoja waone nitatokaje.

Vifaa vyetu vilikuwa deki ya kanda, televisheni kubwa nzito iliyobebwa na watu wanne, na amplifaya iliyopata joto mpaka Mama Shamimu akaitumia kukaushia vitambaa. Kichwa cha deki tulikisafisha kwa manukato, yale ya bei ya chini yenye spiriti nyingi, na ndiyo maana kwa miaka mingi ukumbi wetu ulinukia kama harusi. Kanda ikikwama hukuruhusiwa kuonyesha hofu. Ulitakiwa kusema, hapa mhusika anafikiri, huku mkono mwingine uko ndani ya deki.

Sheria kuu ya Mzee Rajabu ilikuwa moja: usinyamaze. Alisema mfasiri akinyamaza watu wanaanza kusikia njaa. Kwa hiyo tulijaza kila pengo. Gari likienda kimya, tulieleza limenunuliwa wapi. Wakibusiana, na katika Biryogo hilo lilikuwa suala nyeti, tulisema hapa wanazungumza mambo ya nyumbani kwao, na tukaanza kuulizana bei ya mchele mpaka wamalize. Siku moja kanda iliisha kabla ya filamu, nikaimalizia kwa mdomo kwenye kioo cheusi: mwovu akatubu, binti akapona, shamba likarudishwa. Miaka baadaye niliona mwisho wa kweli wa ile filamu. Wangu ulikuwa bora.

Wakati mmoja tu tulinyamaza, nao haukuwa chaguo letu. Msikiti uko ukuta kwa ukuta na ukumbi. Adhana ikianza, sauti ya filamu inashushwa na maikrofoni inazimwa. Lakini picha tuliiacha iende, kwa sababu ukisimamisha kanda kila siku mahali pamoja unaikwangua, na kanda zilikuwa za kukodi. Zilipokuja diski tulijaribu kusimamisha. Wateja wakalalamika kwamba tunawakatia starehe. Walikwisha zoea kile kipande cha picha bila maneno, kila alasiri, wakati wengine wanatoka kwenda kuswali na wengine wanabaki wakitazama. Tukakirudisha. Kazi yangu ikawa kupiga hesabu, na kuihakiki, ili filamu ianze saa ambayo adhana itaangukia kwenye mapigano au mbio za magari, mahali pasipohitaji maelezo. Nilijivunia sana hesabu hiyo. Ni ufundi ambao hakuna chuo kinachoufundisha, pengine kwa sababu hakuna chuo kinachouhitaji.

Mzee Rajabu alifariki kwa kifua chake, Mungu amrehemu, na mume wa Mama Shamimu akamfuata. Mama Shamimu akabaki na ukumbi. Alisimama mlangoni kila siku ya filamu, mkoba kiunoni, lakini ndani hakukaa tena. Alisema benchi la mumewe linamtazama. Kisha simu zikaja, kila kijana akawa na ukumbi mfukoni, na mtaa wenyewe ukabadilika: barabara zikafungiwa magari, lami ikapakwa rangi, meza za chai zikatandazwa nje mpaka huoni njia. Sisi tukabaki na wazee, na watu wanaokimbia mvua. Nao mvua ikikata walitoka, filamu ikiwa katikati, bila hata kusema kwaheri.

Bwana Salumu, mwenye mkahawa wa nyama na chai upande wa pili, alikuwa mtu muungwana. Aliutaka ukumbi apanue meza zake, na alitaka kwa adabu, kila wiki, akiwa na futi ya kupimia mfukoni. Mama Shamimu alimwambia angoje, wiki baada ya wiki, kisha akaniita.

"Nimechoka kuona migongo," akaniambia. "Ile Jumamosi ya wageni ndiyo ya mwisho mimi nangoja. Watu wakikaa mpaka mwisho, hapa itabaki ukumbi kwa sasa. Wakitoka katikati, Salumu anachukua ufunguo jioni hiyohiyo. Usinilaumu."

Sikumlaumu. Lakini nilikuwa najua ni filamu gani itaonyeshwa Jumamosi hiyo, na yeye hakujua.

Ilikuwa filamu ya Kiswidi. Wageni hao walikuwa wa kituo kimoja cha utamaduni mjini kilichokuwa na wiki ya sinema za zamani za Sweden, na msimamizi wake, binti mmoja aitwaye Umutesi, aliyekulia Kampala na mwenye haraka ya watu wa Kampala, alitaka moja ionyeshwe kwa watu wa kawaida na ifasiriwe kwa njia yetu. Akaniletea diski na karatasi za maelezo kwa Kifaransa, lugha ambayo sisi wa umri wangu bado tunaweza kuikwaruza. Jina la mwongozaji lina herufi zenye vitone juu. Nililitamka tofauti kila siku na hakuna Mswidi aliyelalamika. Ukumbini tulimwita Mswidi, na hapa nitamwita hivyohivyo.

Karatasi zilisema Mswidi alianza kwa kubeba nyaya studioni. Filamu zake za mwanzo zilikuwa na watu wengi na maneno mengi, na wakubwa wa studio hawakuzipenda, wakamweka kando. Akaenda kuongoza michezo ya redio kwa miaka kadhaa. Aliporudi kwenye filamu hakuwa na fedha ya kupiga picha katika nyumba mbili, akatumia moja. Na ndani ya hiyo moja, jiko tu. Nikampenda kabla sijaiona kazi yake. Mtu anayekuambia ameamua jambo kwa ajili ya sanaa wakati kwa kweli bajeti imemgomea, huyo ni ndugu yangu.

Kisha nikaiona. Nyeusi na nyeupe. Baba mzee, mkulima wa kaskazini kabisa, na binti yake aliyerudi nyumbani baada ya mama kuzikwa. Binti hakufika mazishini, na filamu haisemi kwa nini. Theluji imefunga njia, hawezi kuondoka, baba hawezi kumfukuza. Basi. Hakuna bunduki, hakuna farasi, hakuna shangazi mbaya. Na katikati kuna kipande kirefu ambacho wote wawili wamekaa mezani wakimenya viazi, na hakuna anayesema neno. Nilikitazama nikiwa na kalamu mkononi, nikahisi jasho. Katika ukumbi wetu kipande hicho kilikuwa ni mlango uliofunguliwa ukaandikwa Tokeni.

Nikamwambia Umutesi nitakijaza. Nitaweka mawazo ya baba, mawazo ya binti, historia kidogo ya marehemu, labda na bei ya viazi huko Sweden. Umutesi akaweka mkono kifuani.

"Hapo usiseme kitu, mzee. Hata moja. Hapo ndio filamu yenyewe."

"Sentensi ishirini," nikamwambia.

"Sufuri."

"Kumi na tano, na za utani nazitoa."

Akachukua mkoba wake akaanza kuondoka, nami nikamwacha, kwa sababu Biryogo mteja hurudi mwenyewe kabla hajavuka mtaro. Akavuka mtaro. Akavuka na wa pili. Ikabidi nimwite mimi, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea tangu nikiuza mashati. Tulibishana pale nje mpaka wauza sambusa wakaanza kuchukua pande. Mwishowe tukaafikiana sentensi tatu, zote fupi, na hakuna mito. Niliziandaa wiki nzima. Ya kwanza ilikuwa, "Baba anamkumbuka mama." Mbili nyingine zilikuwa hivyohivyo, nzuri, zenye uzito. Nilizisema bafuni mpaka mke wangu akauliza nani amekufa.

Na hesabu yangu nilipiga. Filamu ikianza saa nane kamili, adhana ya alasiri ingeangukia kwenye picha ndefu ya barabara yenye theluji, baada ya jiko. Nilihakiki. Ilikuwa sawasawa.

Jumamosi watu walikuja, wengi kuliko kawaida, nusu kwa sababu ya filamu na nusu kwa sababu kituo kilileta soda. Mgeni wa heshima alikuwa na maneno machache, na maneno machache ya wageni wa heshima mnayajua. Alisifu Sweden, akasifu Rwanda, akasifu urafiki, akaanza kumsifu mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa na saa mkononi nikiona hesabu yangu inayeyuka. Mama Shamimu mlangoni alinitazama mara moja tu. Nje, kupitia dirishani, nilimwona Bwana Salumu na futi yake akipima ukuta, polepole, kwa heshima.

Filamu ikaanza. Nusu ya kwanza niliisukuma kwa nguvu zangu zote. Baba nilimpa sauti nzito, binti nikampa ya mtu aliyesoma. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke, lakini niliwajua. Walikuwa wanacheka na mimi, si na filamu, na mtu anayecheka na wewe anaweza kuinuka wakati wowote. Vijana wawili wa mwisho walikuwa wamekaa upandeupande, tayari. Barabara ya theluji ilikuwa bado mbali. Baba akashusha kikapu cha viazi mezani. Nikavuta maikrofoni karibu, sentensi ya kwanza iko kwenye ulimi.

Adhana ikaanza.

Nikashusha sauti. Nikazima maikrofoni. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, imefanya hivyo maisha yake yote. Na pale kwenye kitambaa cheupe, kilichochukua nafasi ya ile televisheni, baba na binti wakaendelea kumenya viazi bila mimi.

Nilikuwa nimekiona kile kipande mara nyingi, lakini kila mara nikiandika. Sasa sikuwa na la kufanya ila kutazama kama wengine. Binti anamenya haraka, anaweka bakulini. Baba anakichukua kila kiazi alichomenya binti, anakigeuza, anachokoa kwa ncha ya kisu vile vijicho vyeusi alivyoacha, anakirudisha. Hasemi. Binti anaona. Unadhani atakasirika, mimi nilikuwa nimeandaa sentensi ya pili kwa ajili ya hasira hiyo. Anachukua kiazi kingine, anakimenya vizuri zaidi, anakitazama, na kisu chake kinapofika kwenye kijicho kinakiruka. Anampa baba. Baba anachokoa. Kingine tena.

Wale wanaoswali kwa jamaa msikitini waliinuka kama kawaida, lakini walitoka kinyumenyume, nyuso kwenye picha, wakigongana mlangoni na kuombana radhi. Katikati ya ukumbi alikaa Dada Hawa, fundi cherehani, mtu aliyemenya viazi vya harusi ngapi sijui. Akamwegemea jirani yake na kusema kwa sauti ya chini, na kwa kuwa spika zilikuwa kimya sote tulisikia.

"Yewe, anamwachia makusudi. Ili mzee apate cha kufanya."

Ikapita kwenye mabenchi kama maji. Niliona vichwa vikisogea mbele. Wale vijana wa upandeupande wakageuka wakakaa sawa. Mwanamume mmoja mbele, seremala mkubwa wa mabega, akaweka kofia yake magotini akaishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyegusa soda.

Adhana ikaisha. Kipande kilikuwa bado kinaendelea. Nikawasha maikrofoni, ikatoa ule mlio wake mdogo, na sauti ikatoka mlangoni nyuma ya watu wote, haikupanda hata kidogo.

"Buretse, muzee," akasema Mama Shamimu. Ngoja kidogo. "Wacha wamalize."

Nikazima. Alipita katikati ya mabenchi, mkoba kiunoni, akakaa kwenye lile la mumewe, mbele kushoto. Baba na binti walimenya kikapu chote. Sikuwahi kuusikia ukumbi ule ukiwa hivyo: mabati yakipigwa na jua, na mtu mmoja mahali fulani akivuta kamasi.

Hakuna aliyetoka kabla ya mwisho. Wale waliokwenda kuswali walirudi na wakakuta nafasi zao zimeshikiliwa na viatu. Nusu ya pili niliifasiri kwa yale tu yaliyosemwa, na hata hayo niliyapunguza njiani. Umutesi alinijia baadaye, macho mekundu, nikamwambia ninamrudishia sentensi zake tatu, hazikutumika, ziko kama mpya. Akasema nizihifadhi. Ninazo. Kama kuna anayezihitaji, bei ni ya kuelewana.

Jioni Bwana Salumu alikuja kuchukua jibu. Mama Shamimu alikuwa bado kwenye benchi. Aliniuliza mimi kwanza yule Mswidi ana filamu ngapi. Nikatazama kwenye karatasi, nikatazama tena. Kumi na moja, nikasema, zote Umutesi anazo.

"Basi iko filamu kumi na moja, Bwana Salumu," akasema. "Wacha nimalize za huyu Mswidi. Tukimaliza, tutaongea mambo ya ufunguo. Mimi sirudi nyuma kwa neno langu."

Salumu akasema sawa mama, kwa adabu yake ileile.

Tulizionyesha kwa mfuatano, moja kila mwezi, kuanzia ya kwanza kabisa. Vijana wa kazi, nawaambieni, kama mnataka kujifunza ufundi wa mtu yeyote, mtazameni tangu alipokuwa hajui. Filamu ya kwanza ya Mswidi watu wanaongea kana kwamba wanalipwa kwa neno. Nilitoka nimepoteza sauti. Ya pili inahitaji kamusi. Ya tatu ina mtu mmoja anayenyamaza, lakini mwongozaji anaogopa na kumletea rafiki wa kuzungumza naye. Nilimjua huyo rafiki. Mimi ndiye nilikuwa rafiki huyo katika kila filamu niliyofasiri maishani. Ya nne ilikuwa mbaya, Dada Hawa akasema hii alitengeneza akiwa amekasirika, na karatasi za Umutesi zilithibitisha kwamba ndiyo iliyompeleka redioni. Ya tano ni ile ya viazi. Hiyo tuliiruka kwa kuwa watu walikwisha iona, tukaenda ya sita. Baada ya redio ni mtu mwingine: unasikia kila kijiko.

Kadiri alivyozeeka alipunguza, na mimi nilipunguza pamoja naye. Sikuacha kufasiri, msije mkadhani nimekuwa mtakatifu. Filamu za mapigano siku za kati ya wiki nilizipigia kelele kama zamani, na gari bado nilieleza limenunuliwa wapi. Ila nilijifunza kutofautisha pengo na mapumziko. Namshukuru Mzee Rajabu kwa kunifundisha kusema, maana mtu asiyejua kusema, kunyamaza kwake ni uhaba tu. Na yale mabenchi nayashukuru, kwa kunifundisha lile lingine nikiwa tayari na mvi.

Bwana Salumu alihudhuria zote. Mwanzoni alikuja kuhakikisha tu kwamba hesabu ya filamu inapungua, akasimama mlangoni, futi mfukoni. Mwezi uliofuata aliegemea ukuta. Baadaye akawa anakaa, kisha akawa anafika mapema apate benchi la kati, na ilipofika ya nane alimnyamazisha mgeni wangu mmoja kutoka Gahanga aliyekuwa akipokea simu. Chai ya mapumziko ilikuwa ya kwake. Aliiuza kwa bei ya mkahawa, sikuweza kumpunguzisha hata kidogo, na nilijaribu kila mwezi.

Ya kumi na moja ndiyo ya mwisho aliyotengeneza Mswidi kabla hajafa, na ndiyo niliyochagua iwe ya mwisho kwangu. Niliifasiri na Zaina kando yangu. Taa zilipowaka watu walinishika mkono mmoja mmoja, seremala akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Wakatoka. Tukabaki sisi, Dada Hawa, na Bwana Salumu ambaye hakuinuka.

Mama Shamimu aliinuka. Nilijua atafanya nini kwa sababu ni mtu wa neno lake, na nilitamani kwa mara ya kwanza awe mwongo kidogo. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa ufunguo wa ukumbi, akaushika mbele ya Salumu.

"Zimeisha," akasema. "Tuongee."

Bwana Salumu aliutazama ufunguo. Akatazama kitambaa cheupe ukutani, kama mtu anayengoja kionyeshe kitu kingine. Akajikuna shingo.

"Lakini ile ya viazi, mama," akasema, "mimi sikuiona."

"Si uliikuta hapa? Siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwa nje. Nilikuwa napima ukuta."

Dada Hawa akajifanya anatafuta kiatu chake. Mimi nikajifanya nakunja waya. Mama Shamimu akaufunga ufunguo tena ndani ya kitenge, fundo mara mbili.

"Jumamosi, saa nane," akamwambia. "Futi uiache nyumbani."